Michoro ya Penseli ya Watu Wasio na Majina: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Bagamoyo

Ninachora kwa penseli katika chumba kimoja cha nyumba ya zamani hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na karibu kila mtu ninayemchora hatajwi jina popote kwenye mchoro wake. Majirani, wanafunzi wa sanaa, wateja na wageni wanaopita huniuliza maswali yanayofanana, na baadhi yake yanataka jibu refu kuliko lile ninaloweza kulitoa nikiwa nimesimama mlangoni.

Mtu asiye na jina maana yake ni nini?

Ni mtu halisi, aliyesimama mahali halisi, ambaye mtazamaji hapewi jina lake, ukoo wake wala habari zake. Si mtu wa kubuni, wala si kielelezo cha "mvuvi" au "mwanamke wa pwani" kama vile vinyago vya kuuziwa watalii ambamo mtu mmoja husimama badala ya watu wote wa kazi yake. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, kwa kuwa wanadhani jina likiondolewa anayebaki ni mtu yeyote tu, na kwamba mchoraji amejipunguzia kazi. Mimi nauona mzigo ukiongezeka. Anayemchora kiongozi au mwimbaji maarufu husaidiwa na mtazamaji, ambaye tayari anaijua sura ile na huikamilisha kwa kumbukumbu yake hata pua ikikosewa kidogo. Anayemchora mpara samaki wa sokoni hasaidiwi na yeyote. Bega, kisigino na namna kitambaa kinavyoning'inia lazima viwe vya mtu huyu mmoja, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kumshuhudia kwamba aliwahi kuwapo.

Je, ni mtindo wako peke yako?

Hapana. Robert Longo wa Marekani, kuanzia mwaka 1979 hadi miaka ya mwanzo ya 1980, alichora kwa mkaa na grafiti mfululizo wa wanaume na wanawake waliovaa nguo za ofisini, wakiwa wamejipinda kana kwamba wanacheza au wamepigwa na kitu. Aliwapiga picha rafiki zake juu ya paa la jengo, wengine wakikwepa vitu walivyorushiwa, kisha katika mchoro akaufuta mji wote nyuma yao na kuacha karatasi nyeupe. Walikuwa watu wenye majina na simu zao, lakini ukisimama mbele ya michoro ile unaona tu shingo, tai na goti. Huko London yupo Kelvin Okafor, ambaye amechora kwa penseli watu mashuhuri pamoja na wasiojulikana, na Nigeria imetoa kizazi cha wachoraji wa uhalisia wa hali ya juu, miongoni mwao Arinze Stanley, ambao nyuso wanazozichora hukaribia kukutoa machozi kabla hujajiuliza ni za nani.

Wanaorudi nyuma zaidi wamtazame Seurat wa Ufaransa, aliyechora katika miaka ya 1880 watu wa mitaani kama vivuli vinene vinavyotokea gizani, bila macho wala midomo. Uhalisia wake haumo katika vinyweleo. Umo katika uzito wa mtu aliyekaa.

Kwa nini huchori tingatinga, ambayo inauzika?

Naiheshimu sana kazi iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na nina ndugu wanaoishi kwa kuuza picha hizo. Lakini ile ni sanaa ya rangi na ya kubuni. Mimi ninapenda kutazama.

Watu hao unawapata wapi?

Wengi nawapata ufukweni na soko la samaki, asubuhi, madau yanapoingia na mnada unapoanza, kwa sababu pale mtu hana nafasi ya kujipanga mbele ya mchoraji. Wengine nawapata kwenye vibaraza vya Mji Mkongwe wakati wa alasiri, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye benchi la mama lishe. Mji wetu ufuko wake unatazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini, na mtu anayetoka majini kuja sokoni saa moja asubuhi huwa na nuru mgongoni na kivuli usoni. Sura yake haionekani hata ukikaza macho, ila ukingo wote wa mwili wake unang'aa. Nusu ya michoro yangu imezaliwa na jambo hilo moja la jiografia, na si falsafa yoyote. Saa sita mchana sichori mtu nje. Jua linakuwa utosini, macho yanageuka mashimo, na kila mtu anaonekana mgonjwa.

Je, unaomba ruhusa?

Ndiyo, na naomba kabla ya kutoa simu mfukoni. Watu wa ufukweni wamechoka kupigwa picha na wapita njia wasiosalimia, na wana haki ya kuchoka. Namwamkia aliye mkubwa kwangu, naeleza ninachofanya, naonyesha daftari, na akikataa tunaendelea na mazungumzo mengine kama vile sikuuliza. Watoto siwapigi picha wala siwachori bila mzazi au mlezi kuwapo na kukubali. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na imenifanya niwe mwangalifu zaidi juu ya picha ninazozihifadhi kwenye simu: mchoro ukiisha, nafuta picha. Hata hivyo adabu ya kuomba ilikuwapo pwani hii kabla ya sheria, na atakayeingoja sheria imfundishe kusalimia atakuwa amechelewa.

Usipochora uso, si umeshamficha mtu kabisa?

Niliamini hivyo kwa muda mrefu. Kisha nilimchora mama mmoja mkaanga samaki akiwa ameinamia karai, kwa nyuma, kanga moja kiunoni na nyingine begani, uso hauonekani hata kidogo. Nilimwomba ruhusa, akakubali kwa haraka kwa kuwa mafuta yalikuwa yanaungua. Miezi kadhaa baadaye nilimpelekea mchoro auone. Aliutazama, akaita wenzake, nao wakacheka na kumtaja jina hata kabla hawajafika karibu. Akaniambia, "Mwanangu, umenificha uso ukaniachia mgongo. Mgongo wangu huku nani asiyeujua?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Jinsi alivyoegemeza uzito mguu wa kushoto, jinsi fundo la kanga lilivyokaa chini kidogo kuliko la wengine, ndiyo yaliyokuwa sahihi yake. Kwa hiyo neno "asiyejulikana" lina mpaka. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au wa Ujerumani yule ni mwanamke asiye na jina. Kwa watu mia mbili wa soko lile ni jirani. Tangu siku hiyo naeleza jambo hili wazi ninapoomba ruhusa, na mtu akitaka asitambuliwe hata na walio wake, nabadilisha vazi, nahamisha mkao au simchori. Yule mama alikubali mchoro ubaki ulivyo, kwa sharti kwamba nipunguze ukubwa wa karai. Nilipunguza.

Ukweli ni kwamba unakwepa uso kwa sababu ni mgumu?

Swali hili huulizwa na wanafunzi, na huulizwa kwa tabasamu. Wapo wachoraji wanaougeuza mgongo wa mtu kuwa maficho yao wenyewe, na mtu mwenye jicho huwatambua, kwa sababu mgongo wao nao huwa umekosewa. Uso una alama nyingi za kukuongoza: macho yako karibu katikati ya urefu wa kichwa, pembe za mdomo hupimwa kwa mboni. Mgongo uliofunikwa kitambaa haukupi alama hizo. Unapaswa kujua mfupa wa bega uko wapi chini ya kanzu, na nyonga imeinama upande gani, vinginevyo utachora nguo iliyotundikwa msumarini. Anayetaka kujipima achore mkono unaoshika kamba ya mashua, bila kitu kingine, kisha aone kama kamba ina uzito.

Kuhusu vipimo, mtu mzima kwa wastani ana urefu wa vichwa saba na nusu. Vitabu vingi hufundisha vichwa nane kwa kuwa vinapendeza zaidi. Watu wa sokoni hawajasoma vitabu hivyo, basi pima mwenyewe.

Je, dini hairuhusu kuchora viumbe wenye roho?

Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na swali hili naulizwa kwa upole na wazee, nami hulijibu kwa upole. Wanazuoni wana maelezo yao na hawakukubaliana juu ya kila kipengele cha suala la picha. Mimi si msomi wa fani hiyo na sitoi fatwa. Anayetaka hukumu amuulize shehe wake. Ninachoweza kusema ni kwamba wapo wanaokataa kuchorwa kwa sababu hiyo, na neno lao ni la mwisho. Mafundi wa zamani waliochonga milango ya pwani yetu walijaza mbao kwa maua, majani, minyororo na maandishi, na uzuri wao haukupungukiwa na kitu. Mtu asiyetaka kuchora binadamu ana urithi mpana wa kujifunzia.

Kwa nini usipige picha tu?

Kamera huchukua kila kitu kwa mara moja na kwa usawa, kuanzia uso hadi mfuko wa nailoni uliookotwa na upepo. Penseli inanilazimisha kuamua, sentimita kwa sentimita, nini kibaki. Mchoro wenye uhalisia si ule wenye vitu vingi. Ni ule ambao vilivyobaki vyote vina sababu ya kubaki.

Lakini unachora kutokana na picha ya simu. Na hiyo miraba unayoichora juu ya picha na juu ya karatasi ili unakili, si udanganyifu?

Natumia picha ya simu kama kumbukumbu pale ambapo mtu hawezi kukaa saa nne akiningoja, na ninaichanganya na vichoro vya haraka nilivyovifanya papo hapo. Simu hudanganya kwa njia moja ambayo kila mwanafunzi lazima aijue: lenzi yake ya kawaida huona eneo pana, kwa hiyo ukimkaribia mtu, kilicho mbele kinakua na kilicho nyuma kinasinyaa, na ndiyo maana pua hujaa na masikio hupotea. Rudi nyuma hatua kadhaa, kisha vuta picha. Anayenakili picha ya karibu bila kujua hilo huchora kosa la simu kwa uaminifu mkubwa.

Miraba ni kifaa kama rula. Wachoraji wa Misri ya kale walimgawa mtu aliyesimama katika miraba 18 kutoka nyayo hadi mwanzo wa nywele, na Chuck Close wa Marekani, aliyefariki mwaka 2021, alijenga nyuso zake kubwa mraba baada ya mraba. Miraba hukuambia mahali pa mstari. Haikuambii mstari uwe mzito au mwepesi, na hapo ndipo mchoro hufa au hupona.

Unatumia penseli gani?

Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe. Kuna grafiti, ambayo ni kaboni, yaani yale madini tunayoyaita kinywe, yanayopatikana Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa, nchi yake ikiwa vitani na kukosa grafiti nzuri ya Uingereza, alisajili njia ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma, na kalamu zetu za leo bado hutengenezwa kwa wazo hilo. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake mwepesi, nayo huandikwa H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi, nayo huandikwa B. HB ya dukani, ile ya watoto wa shule, iko katikati.

Huhitaji sanduku zima. Nne zinatosha: 2H, HB, 2B na 6B. Ongeza raba ya kawaida iliyokatwa kwa wembe hadi iwe na ncha kali, na raba laini ile inayofinyangika kama unga wa chapati, ambayo huinua grafiti bila kuikwaruza karatasi. Kusugua kivuli kwa kidole sikupendekezi, hasa katika joto letu, kwani jasho na mafuta ya ngozi huacha doa ambalo hakuna raba italitoa.

Ngozi nyeusi inachorwaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu mafundisho mengi yanayotufikia yameandikwa kwa ajili ya ngozi ambayo ni nyeupe kama karatasi yenyewe. Ndani ya mafundisho hayo karatasi ndiyo ngozi, na kazi ya penseli ni kuongeza vivuli vichache chini ya kidevu na kando ya pua. Kijana wa hapa akiyafuata, humchora mtu mweupe kwanza, kisha humpaka weusi juu yake. Matokeo yake ni uso wa kijivu, bapa, kama uliopakwa majivu.

Anza kinyume. Funika sehemu yote ya ngozi kwa tabaka jepesi na lililo sawasawa la HB, hata mahali utakapotaka pang'ae, ili karatasi tupu isibaki popote isipokuwa pale panapostahili. Jenga giza polepole kwa 2B, tabaka juu ya tabaka, mikono ikienda upande mmoja na kisha mwingine. Halafu chukua raba laini na uinue nuru: juu ya mfupa wa shavu, kwenye paji, juu ya mfupa wa shingo, kwenye fundo za vidole. Kwenye ngozi nyeusi nuru ndiyo inayochonga umbo, zaidi ya kivuli, na mtu aliyetoka majini au aliyejipaka mafuta ya nazi huonyesha mifupa yake yote kwa mng'ao. Mng'ao huo una kingo kali, usiufifishe.

Tatizo la pili ni la grafiti yenyewe. Ukiikandamiza sana ili upate weusi, huanza kung'aa kama sufuria, na ukiusogeza mchoro dirishani ile sehemu nyeusi zaidi inageuka kuwa yenye mwanga kuliko zote. Usikandamize. Pale unapotaka giza zito kabisa, kwa mfano ndani ya mkunjo wa buibui, tumia penseli ya mkaa, ambayo haing'ai, lakini itumie kwanza, juu ya karatasi tupu, kwani mkaa haushiki vizuri juu ya grafiti.

Na kanga je, unachora hadi maandishi?

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Ndiyo, yale maneno huitwa jina, na sikuwa nimelitafakari hilo hadi mtazamaji mmoja aliponiuliza kwa nini mwanamke wangu hana jina ilhali kanga yake inalo. Kwa kawaida huliacha liingie ndani ya mkunjo, zionekane herufi tatu au nne tu. Maneno ya kanga husemwa na anayeivaa kwa anayemkusudia, na mimi simo katika mazungumzo hayo.

Kazi moja huchukua muda gani?

Mchoro wa ukubwa wa A3, yaani milimita 297 kwa 420, wenye mtu mmoja mzima, hunichukua kati ya saa 30 na 60. Kitambaa hula muda kuliko ngozi. Bei huifuata saa hizo, na ndiyo maana hailingani na ya kazi inayomalizika kwa siku moja.

Mchoro utadumu katika hewa yetu ya bahari?

Grafiti haififii kwa jua. Adui ni unyevu, ukungu, mchwa na karatasi mbaya. Karatasi ya kutolea kopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba na haivumilii tabaka nyingi. Tafuta ya kuanzia gramu 160, isiyo na asidi, kwani yenye asidi hugeuka manjano na kukatika. Wakati wa masika karatasi hunywa maji ya hewani, ikawa laini, na ncha ya 2H huichana badala ya kuiandika, hivyo mimi huhifadhi zangu ndani ya boksi lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kwenye fremu, kioo kisiguse mchoro: weka ukingo wa kadi katikati. Usiutundike kwenye ukuta unaotoa chumvi, na nyumba nyingi za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zina kuta za namna hiyo.

Nikinunua mchoro, naweza kuuchapisha kwenye fulana?

Umenunua karatasi na kilicho juu yake, si haki ya kukizalisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukitaka kuchapisha, tuandikiane. Na mimi nitarudi kwanza kwa aliyechorwa, maana kukubali kuning'inia sebuleni kwa mtu si sawa na kukubali kuvaliwa.

Wapi naweza kujifunza?

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inajulikana zaidi kwa ngoma, muziki na maigizo, lakini inafundisha pia sanaa za ufundi. Kwangu hakuna darasa rasmi. Njoo na daftari lenye vichoro hamsini vya mikono.

Nikikuletea picha ya marehemu baba yangu, utanichorea?

Nitakuchorea, lakini hiyo ni kazi ya aina nyingine na huifanya kwa namna nyingine. Baba yako ana jina, na watakaoutazama mchoro watakuja na sura yake vichwani mwao. Kwa hiyo usiniachie picha na kuondoka. Njoo na mtu mmoja aliyeishi naye, mama au shangazi, akae hapa pembeni wakati naanza, anieleze alivyokuwa akikunja mikono na bega lipi lilikuwa chini. Picha yenyewe ilete hata kama imepauka au imekatika pembeni. Usiipeleke kwanza kusafishwa kwa kompyuta, kwa sababu mashine hizo huwapa watu macho ambayo hawakuwa nayo.